Kristina na Wiki Tatu Zilizobaki

Asubuhi ile ilikuwa Jumamosi. Nilimkuta Kristina kwenye baraza ya nyumba ya kungojea, ile nyumba ya nyuma ya hospitali wanamokaa wajawazito wa mbali. Alikuwa amenyoosha miguu, anamenya njegere. Sufuria ameiweka juu ya tumbo, kama vile tumbo ni meza.

"Umechelewa," alisema. "Wenzako wameshakunywa chai."

"Lori lilichelewa kupakia."

"Kila siku lori. Hata siku ya harusi yetu ulisema lori."

Mwenzake wa chumba, Mwamvita, mwanamke wa Mikese, akacheka mpaka akajishika ubavu. "Mama Rosa, mumeo kaleta kabichi tena. Hao watoto watatoka na majani kichwani."

"Afadhali majani. Wa kwako watatoka wanakohoa vumbi la barabarani."

Tulikunywa chai bila sukari. Sukari ilikuwa haipatikani mwaka ule. Alikata kiazi chake akanipa nusu kubwa. Nikala. Kuku wa hospitali walikuwa wanapita miguuni petu. Ilikuwa asubuhi ya kawaida, na ilikuwa ya mwisho, lakini ukawaida ule ulikuwa wa kwake tu. Mimi nilikuwa na neno tangu jana yake. Mjomba wake Bonifasi alikuwa amefariki, na walinituma mimi kumwambia.

Nieleze kwanza alikuwa nani.

Kristina alizaliwa Mkumbulu, kitongoji chetu juu ya Mgeta. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, lukolo kama tunavyosema. Shamba ni la kina mama, mume ndiye huja. Mimi nilikuja. Nyumba, shamba, kisima, vyote vilikuwa vya kwao. Na mwenye neno juu ya Kristina hakuwa mimi, alikuwa Bonifasi, kaka wa mama yake, ndiye aliyemlea. Sikuona ubaya. Ndivyo tulivyokuta.

Alipokuwa na miaka tisa aliteleza na mtungi wa maji akaanguka kwenye genge. Nyonga iliunga vibaya. Tangu hapo alichechemea. Lakini alibeba tenga la kabichi kichwani kutoka Mkumbulu mpaka barabarani, na sikumwona mtu aliyempita. Waliomcheka aliwaambia mguu mfupi ni wa kupandia mlima na mrefu ni wa kushukia, wao wenye miguu sawa ndio wanaopata taabu.

Alikuwa na maneno mengi. Mimi nina machache. Tulienda vizuri.

Mwaka sitini na nane alishikwa na uchungu wa mtoto wa kwanza. Siku tatu. Mkunga alikuwa mama yake mkubwa, Felista, aliyezalisha nusu ya kitongoji. Siku ya tatu wanawake wakaanza kumtaka ataje mwanamume mwingine, eti ndilo linalomzuia mtoto. Hakuwa na wa kumtaja. Bonifasi akasikia, akaja, akasimama mlangoni na jembe lake begani.

"Mtoto wa dada yangu namtaka mzima," alisema. "Hata kama ni wa kushonwa. Mpelekeni."

Tukamteremsha kwa machela, lile blanketi la kufunga kwenye mti. Hospitali wakaleta karatasi. Hawakumpa Bonifasi, walinipa mimi, kwa sababu mume ndiye wanayemtambua. Sikujua kusoma. Nikaweka dole gumba. Akapasuliwa, akazaliwa Rosa.

Mwaka sabini na mbili mtoto wa pili alilala mkingamo tumboni. Akapasuliwa tena, na safari ile walikata kwa kusimama, kutoka juu kuja chini, ndiyo ikawa njia ya kumfikia. Alikuwa wa kiume. Aliishi siku moja. Tulimwita Benedikto.

Mara zote mbili Kristina alilazwa usingizi wa dawa. Akaamka anaambiwa umezaa. Wenzake walipokuwa wakisimulia uchungu wao kwenye shamba la kijiji, siku zile za Jumanne na Alhamisi tulizolima pamoja, yeye aliinama akapalilia. Felista alimwita mama wa kupasuliwa. Alimwita kwa utani. Lakini utani ule ulirudi kila Jumanne na kila Alhamisi.

Mwaka sabini na sita akashika mimba tena. Mwezi wa tano wa mimba nikampeleka kliniki. Muuguzi Mwajuma, mtu wa Mwembesongo, aliweka kile kipembe cha mbao tumboni akasikiliza. Akakihamisha. Akasikiliza tena.

"Mama Rosa," akasema, "humu kuna wapangaji wawili."

Tukapanda na habari hiyo. Felista alifurahi kweli.

"Sasa utazaa mwenyewe," alimwambia. "Waliokushinda walikuwa wakubwa. Wawili hugawana chakula, huwa wadogo. Nyonga yako itawapitisha. Kaa nyumbani, nitawapokea mimi. Tumbo lako si gunia la kushonwa kila msimu."

Nikisema kweli, niliona ana maana. Na wengine waliona hivyo. Kristina naye aliyabeba maneno yale mpaka kwa Dokta Mikidadi, akayaweka mezani kama yalivyo.

Dokta hakucheka. Alikuwa kijana, lakini alisikiliza mpaka mwisho.

"Mkunga wako amesema jambo moja la kweli," alisema. "Hawa watakuwa wadogo. Nyonga ingeweza hata kuwapitisha. Lakini kovu halitasubiri."

"Kovu lipi?"

"La ndani. Mama mwenye kovu moja, la kulala, mtoto mmoja, kichwa kiko chini, huyo huwa namwacha ajaribu. Lakini anajaribu hapa, na chumba cha upasuaji kiko wazi. Wewe una makovu mawili. Una watoto wawili wanaolivuta tumbo kuliko mmoja. Na kovu la pili limesimama. Hilo ndilo baya. Uchungu ukilivuta, linaachia."

"Likiachia nina muda gani?"

"Kwenye kitanda hiki, dakika chache. Kule kwenu juu, hata hizo huna."

Kristina akashika tumbo kwa mikono miwili. Mimi nikaangalia viatu vya dokta.

"Sasa mimi nifanye nini?" akauliza.

"Mimba ikifika miezi saba, shuka ukae nyumba ya kungojea. Usingoje uchungu. Nitapanga siku, wiki mbili hivi kabla ya siku zako, nikutoe watoto kabla uchungu haujaanza."

Nilidhani amekubali. Akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwake, na tulikuwa tumeishi miaka tisa.

"Dokta, watoto wangu wote wawili sikuwasikia wakilia mara ya kwanza. Felista anasema hawa nitawasikia. Ndiyo sababu nataka kwa Felista."

Dokta akaweka kalamu chini. "Tukifanya siku iliyopangwa, bila haraka, nitakuchoma sindano ya mgongoni. Kiunoni kushuka chini hutasikia kitu. Kichwa kitakuwa macho. Utawasikia wote wawili."

"Unaniahidi?"

"Siku iliyopangwa, nakuahidi."

Karatasi ikaletwa. Safari ile sikuweka dole. Mwaka uliopita Kristina alikuwa amenisukuma kwenda kisomo cha watu wazima, mpaka akinifukuza nyumbani saa za darasa. Nikaandika Leonard, herufi kwa herufi. Akachungulia begani kwangu.

"Hiyo L yako imelewa," akasema.

Njiani, kwenye kila kona ya mlima alikuwa akisimama kupumzika ananiambia, "Umesikia alivyosema? Nitawasikia."

Felista alikasirika, lakini mwenye neno alikuwa Bonifasi. Alikuwa mzee sasa, anaota jua ukutani. Kristina akapiga magoti akamweleza yote. Mzee akasema, "Nenda ukakae. Usirudi hapa mpaka uwe na wawili mikononi." Ikaisha hapo.

Mimba ilipofika miezi saba akashuka. Siku ikapangwa, Jumatatu. Kila Jumamosi nilishuka na lori la mboga la kijiji, nampelekea chakula. Alihesabu siku kwa punje za mahindi ndani ya kikopo, anatoa moja kila asubuhi. Jumamosi ile zilikuwa zimebaki ishirini na tatu. Wiki tatu na siku mbili.

Bonifasi alifariki Ijumaa asubuhi, akiwa amekaa palepale ukutani. Ukoo ukakutana. Kwa desturi ya ukoo wao, mkeka wa mjomba hutandikwa kaburini na mpwa mkubwa wa kike. Huyo alikuwa Kristina. Wengine walisema aachwe, atatandika mdogo wake. Felista ndiye aliyekata neno.

"Asipokuja, atandike mwingine, sina ugomvi," alisema. "Lakini aambiwe. Asije akarudi na watoto akakuta kaburi limeota majani. Mtu akifichwa msiba wa kwao, ni kama amefukuzwa." Akanigeukia. "Wewe ndiye mwenye mke. Kamwambie."

Sikumlaumu Felista. Simlaumu mpaka leo. Kwetu msiba haufichwi. Mgonjwa huambiwa, aliye mbali hutumiwa mtu. Sikumjua mtu aliyefichwa msiba akasamehe.

Hospitali nilimtafuta kwanza Mwajuma, nikampata anaanika mashuka.

"Baba Rosa," alisema, "habari hiyo inaweza kungoja wiki tatu. Aliyekufa hana haraka."

"Sawa," nikasema.

Na nilimaanisha. Nilipokaa kwenye baraza kula kile kiazi, nilikuwa nimeamua kunyamaza. Nataka wanaosoma hapa wajue hivyo. Nilikuwa nimeamua.

Mwamvita akaenda kuchota maji. Kristina akaendelea kumenya.

"Mjomba anakula?" akauliza.

"Anakula."

Akamenya ganda moja, akamenya la pili.

"Una nini leo?"

"Sina kitu."

"Baba Rosa."

Nikamwambia.

Hakulia. Aliitoa sufuria tumboni akaiweka chini polepole, asimwage njegere.

"Wanazika saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Lori linarudi saa ngapi?"

"Saa nne. Lakini mjomba mwenyewe alisema usirudi."

"Aliyesema yuko wapi?" Akashika ukuta, akasimama. "Alipokuja na jembe lile mlangoni, wote walikuwa wameshaniacha. Na wewe ulikuwa umekaa uani. Nitaachaje yeye alazwe na mtu mwingine?"

Mwajuma alikuja mbio, akasimama kwenye ngazi ameweka mikono kiunoni. "Mama Rosa, huendi."

"Jumatatu asubuhi niko hapa, muuguzi. Siku mbili tu."

"Na uchungu ukikukuta huko?"

"Dokta amesema bado wiki tatu."

"Amesema yeye. Hao waliomo humo hawajasema kitu. Mapacha huwa hawangoji."

"Nikija utanikaripia vizuri. Sasa nipishe, dada."

Mwajuma alikuwa na umri wa kuweza kumkataza. Hakuwa na nguvu ya kumfunga. Alileta daftari, akaandika kwamba ametoka kwa hiari yake, akanipa kalamu. Nikaandika jina langu. Safari hii Kristina hakuchungulia. Alikuwa anafunga kitenge.

Dereva Yunusi alimweka mbele, akaendesha kama amebeba mayai. Kutoka barabarani kwenda Mkumbulu ni saa moja ya kupanda. Yeye alipanda saa mbili na nusu. Walimngoja. Saa kumi na moja alishuka kaburini kwa kushikwa mikono, akatandika mkeka, akaunyoosha kona zote nne. Alipokuwa anainuka nilimwona ameshika chini ya tumbo. Nikamuuliza. Akasema ni uchovu.

Jumapili asubuhi, ndege wameshaamka, akaniambia tumbo linakaza na kuachia. Nikamwita Felista. Aliweka mikono tumboni, akangoja likaze tena. Uso ukambadilika.

"Mpelekeni," alisema. "Sasa hivi. Msimngoje hata kuvaa."

Yule aliyesema watapita wenyewe ndiye aliyeifunga machela kwa mikono yake.

Tulikuwa wanaume sita, tunapokezana. Felista alitembea kando ameshika mkono wake. Kristina alikuwa anatutania bado. Alimwambia Ahmadi, jirani yetu aliyekuwa mbele, kwamba anatembea kama mtu anayekwenda kulipa kodi. Baadaye akaacha kutania. Tulipofika mteremko wa juu ya kijito, akasema, "Kimeachia kitu."

Kisha uchungu ukakoma.

Nilifurahi. Nalia ninapoandika neno hilo, lakini nilifurahi. Nilidhani tumbo limetulia, kwamba Mungu amewarudisha watoto walale wiki zao tatu. Hata Ahmadi alisema, "Afadhali, amepumzika." Niligeuka nimwambie Felista. Felista alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

"Kimbieni," alisema.

Tulikimbia. Barabarani hapakuwa na lori. Mtu alitangulia misheni, gari la padre likaja. Tulifika hospitali karibu saa sita mchana. Dokta Mikidadi alimfunua kope la jicho mara moja tu, akaanza kutoa amri.

Kristina alimshika koti. Sauti ilikuwa ndogo. "Ulisema nitawasikia."

"Nilisema, mama," dokta akajibu. "Sasa sina muda wa sindano ile. Nisamehe."

Wakamwingiza.

Nilikaa kwenye benchi nje ya mlango. Nikasikia mtoto analia. Mmoja. Sauti nyembamba, ya hasira. Nilingoja ya pili. Mimi ndiye niliyesikia, na sikuwa nimeomba.

Wa kiume alikuwa ameshafia ndani. Wa kike alitoka hai. Kizazi kilitolewa chote, hakikushoneka. Walitaka damu. Mimi haikulingana. Ahmadi na dereva Yunusi, aliyekuja aliposikia, zao zililingana, wakatoa. Haikutosha.

Jumatatu aliamka. Mwajuma hakumkaripia. Alimletea mtoto, akamlaza kifuani. Mtoto akaanza kulia, nami nikanyoosha mkono nimbembeleze. Kristina akaniondoa mkono. Alifumba macho akamsikiliza mpaka mtoto alipochoka mwenyewe.

Jumanne, kabla ya saa nne, alifariki. Alikuwa na miaka ishirini na minane.

Tulimzika Mkumbulu, kando ya Bonifasi, na mwanawe wa kiume pamoja naye. Mkeka alitandika mdogo wake. Mtoto tulimwita Cecilia. Felista ndiye aliyemlea, kwa maziwa ya mbuzi na uji. Tangu siku ile, mwanamke yeyote wa kwetu aliyewahi kupasuliwa, Felista alikuwa akikataa kumzalisha. Alimshika mkono mwenyewe mpaka barabarani, akampandisha lori, akakaa naye nyumba ya kungojea hata mwezi. Wakimwambia mtoto ni mdogo, atapita, aliondoka bila kujibu. Alifariki mwaka themanini na tisa.

Mwanamume aliyefiwa na mke kwetu hurudi kwao. Ukoo wa Kristina hawakuniambia nirudi. Nimebaki kwenye shamba lao. Sikuoa tena. Rosa ana wajukuu. Cecilia ni mtu mzima, anaishi Dumila, ana duka la nguo, na kila akija ananiuliza mama yake alikuwa mtu wa namna gani. Mimi si mtu wa kueleza. Nimemwambia nitaandika.

Limebaki neno moja, la Jumatatu ile, mtoto ameshalala. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha chuma, kofia mikononi. Nilikuwa nimelikalia neno langu tangu kwenye benchi.

"Kristina," nikasema, "ningenyamaza. Mwajuma aliniambia ninyamaze. Ningenyamaza wiki tatu tu."

Aliniangalia. Midomo ilikuwa imekauka, nikailowesha kwa kitambaa. Akameza kwanza. Kisha akasema hivi, na sijaongeza wala kupunguza:

"Hata ungenyamaza ningejua. Uso wako hauna mlango. Ndiyo sababu nilikukubali."